Stika ya Tangi la Mama

Mtu akikuuliza marejesho ya ununuzi ni nini, mwambie hivi: unatoa pesa zako zote, unampa mtu usiyemjua, halafu baada ya miezi miwili anakurudishia sehemu ya pesa hizo hizo, na unamshukuru. Ukisahau kuziomba, yeye hasahau kuzila. Nimefundisha somo la Biashara miaka kumi na minne katika shule ya upili upande wa Magwagwa, na kila mwaka nawaandikia watoto wa kidato cha pili tofauti ubaoni. Punguzo hukatwa kabla hujalipa. Marejesho huja ukishalipa, tena kwa masharti. Anayechanganya hayo mawili namkata alama bila huruma, na nimewahi kumwambia msichana mmoja mbele ya darasa kwamba akienda dukani na akili hiyo atavuliwa hadi viatu.

Msichana huyo sasa ana duka lake la nafaka na anaendelea vizuri. Aliyevuliwa viatu ni mimi.

Mambo yalianzia kwenye magoti ya mama. Mama anaishi peke yake kwenye shamba letu karibu na Nyamache, ana chai, ndizi na ng'ombe mmoja mkaidi. Maji anayachota kwenye chemchemi iliyo chini kabisa ya mteremko, na njia ya kwenda huko ni udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha hauna rafiki. Mwaka jana magoti yake yalianza kuvimba. Alikuwa akishuka kwa kushika migomba, mmoja baada ya mwingine, na kupanda akiwa amebeba mtungi wa lita kumi badala ya ishirini, kwa hiyo safari zikawa mara mbili. Nilimwahidi tangi la kuvuna maji ya mvua, pamoja na gata, zile za mabati zinazokinga maji ya paa na kuyapeleka tangini. Kwetu mvua si shida, inanyesha karibu kila alasiri. Kilichokosekana ni mahali pa kuyaweka maji hayo na njia ya kuyafikisha.

Nilikuwa nimeweka akiba ya shilingi elfu thelathini na sita. Alhamisi ya likizo fupi ya katikati ya muhula nikaanzia Kisii mjini, kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye duka la vifaa vya ujenzi nyuma ya soko. Amezaliwa pale pale mjini na Kigusii chake kinanishinda hata mimi, lakini biashara anaifanya kwa Kiswahili, na Kiswahili chake hakina haraka.

"Mwalimu, tangi hili ni elfu thelathini na sita," aliniambia. "Wewe nakukatia elfu mbili na nusu. Hapa hapa, sasa hivi."

"Kuna duka Keroka, wanarudisha elfu sita."

"Wanarudisha lini?"

"Baada ya siku sitini."

Akatabasamu, akachukua kitambaa akaanza kufuta mizani yake. "Basi nenda Keroka. Mimi ninachokata nakata mbele yako, sina cha kukutumia baadaye."

Nilimdharau. Nasema wazi, nilitoka pale nikiwaza kwamba huyu mzee ndiye ninayewaeleza wanafunzi wangu, mfanyabiashara aliyebaki nyuma, asiyejua kuvutia wateja. Hesabu niliifanya nikiwa bado mlangoni. Elfu sita ni zaidi ya mara mbili ya elfu mbili na nusu, na fundi wa gata alikuwa ameniambia elfu sita kamili, vifaa na kazi. Yaani tangi litajilipia gata lenyewe. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini wahenga hawakuwa na shahada ya elimu kama mimi.

Keroka, duka lenyewe lilikuwa karibu na barabara kuu, na bango la ofa lilikuwa kubwa kuliko mlango. Muuzaji alikuwa kijana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni. "Madam, hii ofa ni ya ukweli," alisema. "Unalipa yote saa hii, alafu kampuni inakurudishia elfu sita kwa simu. Ni wewe tu ulete risiti na ile stika ya tanki yenye namba, before siku thelathini ziishe." Alinipa karatasi yenye masharti, imechapishwa kwa herufi ndogo kama mbegu za wimbi. Niliikunja nikaitia mkobani. Mimi ndiye ninayewaambia watoto wasome masharti kabla ya kutia sahihi. Nilitia sahihi.

Tangi lilifika kwa pikapu jioni hiyo hiyo. Jeusi, refu kuliko mimi, na ubavuni lilikuwa na stika pana yenye picha ya baba, mama na watoto wawili wanacheka huku wananyeshewa. Majirani walikuja kuliangalia. Mama alilizunguka mara mbili akilipapasa, kisha akanitengenezea chai, na tulipokaa nikamweleza habari ya marejesho. Nyumbani tunazungumza Kigusii, lakini nayaweka hapa kwa Kiswahili maneno yake kama yalivyokuwa.

"Wanataka kukurudishia elfu sita," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo bei yao ni thelathini."

"Hapana, bei ni thelathini na sita, ila wanarudisha sita."

"Sasa kwa nini wasikuuzie thelathini?"

Nilimpa somo zima. Nilimwambia kuhusu matangazo, kuhusu kampuni kutaka kujua wateja wake ni akina nani, kuhusu watu wengi ambao hununua kwa sababu ya ofa kisha husahau kudai, na hapo ndipo kampuni hupata faida yake. Mama alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Kwa hiyo wanategemea usahau," akainuka kwenda kumwangalia ng'ombe.

Kabla sijaondoka nilimkabidhi risiti. Nilimwambia, "Itunze hii karatasi. Usiipoteze, usiilowanishe, mtu yeyote asiiguse." Hayo ndiyo maagizo niliyompa, na hakuna jingine. Aliifunga ndani ya mfuko wa nailoni, akaitia kwenye lile kopo la bati anamoweka cheti cha ndoa na kadi yake ya kuuzia majani ya chai. Nilipokuwa nabeba mkoba niligundua umekuwa mzito. Nilikuja na sukari na mkate, naye alikuwa amenitilia ndizi na mboga za managu. Kwa mama mfuko haurudi mtupu, hata ungemletea kiberiti.

Halafu nikasahau.

Sikusahau kabisa. Nilisahau kama msomi, yaani nilijua kila siku kwamba lipo jambo la kufanya na kila siku nikalisogeza kesho. Kulikuwa na mitihani ya kusahihisha. Kulikuwa na mkutano wa wazazi. Jumapili moja nilikwenda mjini Nyamira nikanunua koti la elfu nne, kwa sababu asubuhi za Magwagwa zina baridi, na nikajiambia kwamba elfu sita ziko njiani. Wakati huo tangi lilikuwa limekaa tupu juu ya jukwaa lake la mawe. Mvua ilinyesha, maji yakamwagika kutoka paani hatua tatu kutoka mdomo wa tangi, yakatengeneza mfereji na kuelekea kwenye migomba. Na mama akaendelea kushuka bondeni.

Siku ya thelathini iliangukia Jumamosi. Niligundua Alhamisi, nilipoifungua ile karatasi ya masharti kwa mara ya kwanza, nikitafuta peni mkobani. Ijumaa nikaomba ruhusa, lakini mwalimu mkuu alinipa baada ya kipindi cha mwisho, halafu barabara ya kushuka Nyamache ilikuwa tope tupu. Nilipofika nyumbani jua lilikuwa limekwisha kutua.

Watu wa kwetu mnajua maana yake. Kwa wengine nieleze: mama ni Msabato, si kama mimi niliye Msabato wa jina. Jua la Ijumaa likitua, juma lake limefungwa. Chakula kimeshapikwa, ua umefagiwa, simu imezimwa. Hanunui, hauzi, hahesabu, na hazungumzi habari za duka hadi jua la Jumamosi litue.

"Mama, nimekuja kuchukua ile karatasi."

"Sabato imeingia, mwanangu."

"Mwisho ni kesho saa kumi na moja. Keroka watafunga."

"Karatasi ipo. Kesho jua likitua nitakupa kwa mkono wangu."

"Kesho jua likitua haitakuwa na kazi."

"Basi haitakuwa na kazi," alisema, akafungua kitabu cha nyimbo.

Nilikasirika. Nilimwambia kwamba zile ni pesa zake, ni gata zake, ni magoti yake. Nilimwambia Mungu hana haja na elfu sita za kampuni ya matangi. Aliniacha nimalize, kisha akaimba ubeti wa kwanza, na kwa kuwa nimelelewa katika nyumba hiyo nilijikuta naimba sauti ya pili huku nimenuna.

Asubuhi nilisema kichwa kinaniuma. Mama alinitazama kidogo, akaacha chupa ya chai mezani, akaenda kanisani na Biblia yake kwapani. Nilimsubiri apite kwenye ua wa jirani. Kisha mimi, mwalimu, mke wa mtu, mama wa watoto wawili, nikapanda kiti nikashusha kopo la bati la mama yangu siku ya Sabato nikatoa risiti. Ilikuwa kavu na safi kama ilivyotoka dukani. Nilichukua kisu cha jikoni nikaenda nje kubandua stika.

Stika haikuwepo.

Nilizunguka tangi mara ya kwanza nikidhani nimekosea upande. Mara ya pili niliona pale ilipokuwa. Palibaki alama ya mraba, imefifia, na mikwaruzo midogo ya duara ya waya wa kusugulia sufuria. Kwenye kona moja palikuwa na kipande kama ukucha, nacho kilikuwa mguu wa mmoja wa wale watoto wanaocheka. Namba iliyotakiwa haikuwepo tena.

Nilielewa pale pale. Ijumaa kwetu ni siku ya maandalio. Kila kitu cha nyumba huoshwa ili Sabato iingie mahali safi: sufuria husuguliwa kwa jivu nje na ndani, viti vinatolewa uani, hata jembe linaoshwa. Tangi lilikuwa kitu kikubwa na kipya kuliko vyote. Ijumaa nne mfululizo mama alikuwa amelisugua kwa waya na jivu, kuanzia juu hadi chini, kwa magoti yale yale, kwa maji aliyoyabeba kutoka bondeni. Ijumaa ya tano, ile ya jana, alikuwa amemalizia.

Nilikuwa bado nimesimama na kisu mkononi na risiti mdomoni nilipomwona mama langoni. Alikuwa ametoka kanisani mapema kwa sababu mtoto wake alikuwa anaumwa kichwa.

Aliangalia kisu. Aliangalia karatasi. Nikamuuliza swali la kijinga kuliko yote: "Mama, stika ilikwenda wapi?"

"Ile picha? Ilikuwa inashika uchafu," alisema. "Nimeitoa kidogo kidogo."

"Ilikuwa inatakiwa."

"Uliniambia nitunze karatasi."

Hilo lilikuwa kweli. Aliingia ndani, akabadilisha gauni, akakaa kitandani. Hakunikemea. Ningependa angenikemea.

Na bado nikaenda Keroka. Huo ndio upuuzi wa hizi ofa, zinakushika koo hata pale unapojua zimekufa. Nilifika saa kumi na robo nimelowa, nikampa yule kijana wa kalamu tatu risiti, nikamweleza habari ya jivu na waya na maandalio. Naye alikuwa Mgusii kama mimi, alinielewa neno kwa neno.

"Hata mathe wangu angeosha," alisema. "Lakini madam, bila namba ya stika, system inakataa."

Tangi lenyewe unalijua, nikamwambia, nimenunua kwako, jina langu liko kwenye kitabu chako. Alikubali yote. Akawapigia simu watu wa kampuni, akaongea nao kwa Kiingereza kizuri, akarudi na habari njema. Kampuni imenihurumia. Haiwezi kutoa elfu sita, ila kwa nia njema itanipa sehemu, elfu moja na mia tano. Nikashusha pumzi. Lakini si pesa taslimu, akasema, ni vocha, na nitaitumia nikinunua tangi la pili kabla ya mwisho wa mwezi.

Tangi la pili. Nilicheka hadi mteja aliyekuwa anapimiwa misumari akageuka. La kwanza lilikuwa halijaonja tone, na hawa watu walikuwa wananizawadia haki ya kununua jingine. Nilimwachia vocha yake juu ya kaunta, nikachukua risiti yangu, nikatoka.

Usiku huo niliirudisha risiti ndani ya kopo la mama, na Jumapili nikarudi shuleni. Mshahara ungeingia mwisho wa mwezi, na nikapanga kununua gata wakati huo. Mama nilimpigia simu Jumatano, akasema hajambo. Alhamisi, hajambo. Ijumaa alinipigia yeye, muda mfupi kabla ya jua kutua, akasema anataka nijue jambo kabla simu haijazimwa, nisije nikasikia kwa majirani. Jumanne alikuwa ameteleza njiani kutoka kwenye chemchemi. Goti la kulia. Wamemfunga bandeji, daktari amesema atatumia fimbo, pengine kwa miezi michache, pengine zaidi. Mtungi haukupasuka, akasema.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu mkuu ndiye aliyevunjika, na asiyesikia alikuwa Magwagwa amevaa koti jipya. Usiku ule nilikaa na hesabu ambayo nilipaswa kuifanya siku ya kwanza. Ningemsikiliza yule mzee wa Kisii, ningebaki na elfu mbili na nusu mkononi. Gata ni elfu sita. Pengo lilikuwa elfu tatu na mia tano. Koti langu lilikuwa elfu nne. Maji yangeingia tangini wiki ile ile, na mama asingekuwa na sababu ya kushuka bondeni Jumanne ile.

Sikungoja mshahara. Nilikopa kwa mwalimu mwenzangu, nikaenda Kisii kwa yule mzee. Hakuniuliza tangi la Keroka linaendeleaje, ingawa nilikuwa nimejiandaa kudanganya. Nilipolipia gata, kijana wa duka aliyekuwa anazifunga kamba akakuta moja imebonyea na ina tundu. Mzee akaishika, akaigeuza kwenye mwanga. "Hii sina nyingine ya urefu huu," alisema. "Ukiitaka ichukue, tundu litazibwa kwa lami. Mia nne zako hizi." Akazihesabu kwenye kiganja changu. Sikuandika barua, sikukata stika, sikungoja siku sitini. Kitu kilikuwa na kasoro, akarudisha thamani ya kasoro, yakaisha. Miaka kumi na minne nimefundisha marejesho ya sehemu ya bei na sijawahi kutoa mfano mfupi namna hiyo.

Gata zilifungwa Jumapili asubuhi. Alasiri mvua ikaja kama kawaida yake. Tulikaa mlangoni, mama amenyoosha mguu juu ya kigoda na fimbo imeegemea ukuta, tukasikiliza maji yakigonga sakafu ya tangi. Tangi lilikuwa linang'aa. Hakuna tangi safi kama hilo Nyamache yote. Nilimwomba msamaha, kwa kopo, kwa kisu, kwa goti. Alisema maji yanaingia vizuri, na fundi amefanya kazi.

Nilipoinuka kuondoka, alijikokota hadi jikoni kwa fimbo, nami nikimwambia akae, asisumbuke. Alirudi na mkoba wangu umejaa ndizi. Kisha akatoa ule mfuko wa nailoni chini ya kanga yake. Risiti ilikuwa ndani, imekunjwa kama nilivyoirudisha.

"Karatasi yako hii," alisema. "Haijapotea, haijalowa. Waonyeshe tena, labda siku hizi watakuwa wamebadilisha nia."

Nikaipokea kwa mikono miwili, kama alivyonifundisha.